Kabla hujauza mtamba ili ununue madume ya kunenepesha



Kila mwaka mvua zikikatika naulizwa swali moja mnadani: "Bwana mifugo, jirani yangu amepata faida nono kwa kunenepesha madume. Niuze mitamba miwili nianze na mimi?" Swali ni la haki, lakini faida ya jirani ni ya mwaka jana, na wewe unaingia mwaka huu.

Tuchukue mfano. Dume aliyekonda ananunuliwa kwa shilingi 600,000. Kwa miezi mitatu anakula mashudu ya pamba, pumba na molasi, pamoja na dawa ya minyoo, jumla 250,000. Kazi ya kijana wako tuihesabu 60,000, hata kama humlipi, maana angeweza kwenda kibarua kwingine. Usafiri na ushuru 40,000. Jumla ni 950,000. Akiuzwa 1,200,000, faida ni 250,000. Hiyo ndiyo faida aliyoipata jirani.

Sasa angalia kinachofuata. Kazi hii haina mlango wa kufungwa. Haihitaji elimu kubwa, na mnunuzi wa nyama hajali dume limetoka boma lipi, mradi limenona. Wewe huwezi kupanga bei; ukitaja kubwa kuliko mwenzako, mnunuzi anasogea kwake. Kwa hiyo waliosikia habari ya faida wanaingia, kumi, ishirini, hamsini. Wote wanatafuta dume aliyekonda, naye anapanda hadi 680,000. Wote wanagombea mashudu yale yale, chakula na dawa vinafika 290,000. Ukiongeza kazi na usafiri, gharama sasa ni 1,070,000. Na kwa kuwa madume yaliyonona yamejaa mnadani, bei inashuka kutoka 1,200,000 kuelekea hiyo hiyo 1,070,000. Ile faida nono imeyeyuka, na hakuna aliyekuibia.

Bei ikisimama hapo hujafilisika. Kijana amelipwa zile 60,000 zake na mtaji umerudi. Kazi ya namna hii, ambayo yeyote anaweza kuianza, bei yake hurudi hapo kila mara, hata ikipanda au kushuka kwa muda. Tatizo ni kwamba watu hawaachi kuingia siku ile ile. Wanaendelea kununua kwa kuangalia bei ya zamani, na mnada unapitiliza. Dume lililogharimu 1,070,000 linauzwa 1,000,000.

Hapo wanaanza kutoka, kwanza wale wenye gharama kubwa. Anayekaa karibu na kiwanda cha kukamua mbegu za pamba halipii gari la mashudu; yeye atahimili. Anayeyafuata mbali ataacha. Wakitoka wa kutosha, mashudu yanashuka, madume mnadani yanapungua, bei inainuka tena hadi inalipa gharama. Waliobaki ni wale wanaoweza kunenepesha kwa bei nafuu.

Wenzetu wa Kenya waliyaona haya kwa kware. Mwaka 2013 mayai ya kware yalisifiwa kuwa yanatibu maradhi mengi, na yai moja lilifika hadi shilingi 100 za Kenya. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, basi watu walijaa haraka. Mwaka 2014 yai lilianguka hadi shilingi chache tu, na mabanda mengi yakabaki matupu. Lakini aliyeacha kware alipoteza banda na chakula. Wewe ukiuza mtamba umeuza mama wa ndama. Kumrudisha kwa kukuza ndama jike mpaka azae ni miaka mitatu au minne, tena malisho yakiwa mazuri.

Na kama tayari una dume zizini na bei imeanguka? Hapa wengi hukosea, nami nimewahi kukosea: niliuza yangu manne kwa hasira. Fedha uliyokwisha kutumia isahau kwanza. Uliza leo atauzwa ngapi, tuseme 740,000. Halafu hesabu chakula na kazi ya miezi miwili iliyobaki, 230,000. Ukitegemea 1,000,000 mwishoni, zitabaki 770,000. Mmalizie, ijapokuwa kwa hesabu nzima umepata hasara. Ila usinunue mwingine wa kuingiza zizini baada yake.

Kabla ya kuingia, basi, usiulize jirani aliuza kwa bei gani. Uliza mashudu yanauzwa ngapi wiki hii, yakiwa yamefika bomani kwako. Hesabu watu wanaonunua madume yaliyokonda mnadani sasa, maana hao ndio utakaouza nao siku moja. Kisha jumlisha gharama zako, na ujiulize kama ungeridhika kulipwa ujira tu bila faida ya ziada. Ukiridhika, anza na madume mawili, kwa fedha ya maksai au mbuzi, mitamba ibaki zizini.

Nipo penye josho kila siku ya mnada. Njoo na hesabu yako, hata ikiwa imeandikwa nyuma ya cheti cha chanjo, tuipitie kabla hujamfunga mtamba kamba.