Je, Wajua? Gitaa la Meko, Pikipiki na Sindano

Je, wajua kwamba gitaa la umeme ambalo Brian May amelipiga katika rekodi nyingi za bendi ya Queen halikutoka kiwandani? May, akiwa bado mwanafunzi jijini London, alianza kuliunda mwaka 1963 pamoja na baba yake, aliyekuwa mhandisi wa elektroniki. Shingo, yaani sehemu ambayo vidole hubania nyuzi, ilichongwa kutokana na ubao wa kale wa meko ya kuotea moto, na matundu yaliyotobolewa na wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi za vali za pikipiki zilitumika kukabili mvuto wa nyuzi kwenye mtambo wa kuyumbisha sauti, ambao ncha ya wenzo wake ilitokana na sindano ya kufumia ya mama yake. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba ili zigeuze mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, zilinunuliwa kutoka kampuni ya Burns, kisha May akazijaza gundi ya epoksi ili koili zisitetemeke na kuzua mlio usiotakiwa.