Gari-Nyumba katika Visiwa vya Florida Keys: Mpango Uanzie Njia ya Kutokea

Neno "safari" ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotutangulia kufika Ulaya na Marekani. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, na huko likapunguzwa maana: likawa safari ya bunduki, mahema na wapagazi, na baadaye safari ya kamera. Kwetu sisi, mtu anayepanda basi Bungoma kwenda Mombasa kumwona shangazi yake yu safarini, na hana haja ya kumwona simba ndipo aitwe msafiri. Makala haya yanarudi kwenye maana hiyo pana. Yananuia kueleza jinsi ya kupanga safari ya aina moja ambayo ni ngeni kwa wengi wetu, yaani safari ya kupiga kambi kwa gari-nyumba katika visiwa vya Florida Keys, kusini mwa jimbo la Florida, Marekani.

Huenda msomaji akauliza mada hii inamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Kwa miaka mingi wahitimu wa Kiswahili kutoka vyuo vyetu wamekuwa wakienda kufundisha lugha hii katika vyuo vikuu vya Marekani, na Chuo Kikuu cha Florida, kilichoko mjini Gainesville, ni mojawapo ya vyuo vinavyoifundisha. Likizo inapofika, wenyeji wao huwaalika kushiriki starehe za nchi hiyo, na mojawapo ni hii ya kusafiri na nyumba. Mgeni aghalabu huketi kiti cha nyuma na kuwaachia wenyeji mipango yote. Hoja yetu ni kwamba hapana budi naye aijue mipango hiyo, kwa sababu tutakazozieleza.

Tuanze na istilahi. Chombo tunachokizungumzia ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, jokofu, choo na bafu. Lipo lenye injini yake, na lipo lile la trela linalokokotwa na gari jingine. Kamusi zetu za kawaida hazijatupa neno lililozoeleka. Baadhi ya watu husema "karavani". Wengine husema "nyumba ya magurudumu". Mimi ninapendekeza "gari-nyumba" badala ya "nyumba-gari". Katika Kiswahili neno kuu hutangulia na kinachoeleza hufuata, kama tunavyoona katika "garimoshi", ambalo ni gari kwanza, moshi ukifuata. Nyumba-gari ingekuwa nyumba yenye tabia ya gari. Gari-nyumba ni gari lenye tabia ya nyumba. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa mchezo wa wanaisimu, lakini siku ya tufani ndiyo inayoamua nani aondoke kwanza. Tutaona.

Florida Keys ni mnyororo wa visiwa vidogo unaoanzia karibu na ncha ya kusini-mashariki ya Florida na kupinda kuelekea magharibi. Neno "key" hapa halihusiani na ufunguo. Limetokana na neno la Kihispania "cayo", yaani kisiwa kidogo. Kisiwa cha mwisho kinachofikiwa kwa barabara ni Key West. Wahispania walikiita Cayo Hueso, kisiwa cha mfupa, na inaelezwa kuwa masikio ya Waingereza yalisikia "hueso" yakaandika "West". Kiko kaskazini kidogo ya Tropiki ya Kansa, na Kuba iko umbali wa kilomita 145 hivi tu. Hali ya hewa ni ya joto mwaka mzima, na bahari ina matumbawe. Ndiyo maana mamilioni ya watalii humiminika huko.

Barabara yenyewe ndiyo kiini cha mambo. Kuingia Key Largo, kisiwa cha kwanza kikubwa, kuna njia mbili kutoka bara. Baada ya hapo kuna moja tu, nayo hupita juu ya madaraja zaidi ya 40 hadi Key West. Mojawapo ni Daraja la Maili Saba, lenye urefu wa karibu kilomita 11, lililofunguliwa mwaka 1982 kando ya lile la zamani. Mahali hutambuliwa kwa nguzo za maili: sifuri iko mjini Key West, na idadi hupanda kadiri unavyorudi bara. Ukiuliza duka liko wapi, utajibiwa kwa namba ya maili. Katika mazingira kama hayo, lori moja likipinduka katikati ya daraja, kila mtu aliye kusini yake amekwama.

Barabara hii imerithi njia ya reli. Tajiri Henry Flagler aliifikisha reli yake Key West mwezi Januari 1912. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliwapeleka visiwani humo maveterani wa Vita Vikuu vya Kwanza kujenga barabara. Waliishi kambini, katika mahema na vibanda hafifu, karibu na usawa wa bahari. Tarehe 2 Septemba 1935 ilikuja tufani, mojawapo ya kali zaidi kuwahi kuipiga Marekani. Garimoshi liliagizwa kutoka bara kuwaokoa, lakini liliagizwa kwa kuchelewa. Lilipofika Islamorada jioni ile, maji yaliyafagia mabehewa yake kutoka kwenye reli. Injini peke yake ndiyo iliyobaki imesimama. Watu zaidi ya 400 walikufa, na zaidi ya 250 kati yao walikuwa maveterani wale wa kambini. Reli haikujengwa tena. Barabara ilikamilishwa mwaka 1938 juu ya madaraja yaliyosalia. Mnara wa kumbukumbu ya waliokufa uko kando ya barabara hiyo, kati ya nguzo ya maili 81 na 82.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kinatufundisha wapi mpango unapaswa kuanzia. Mipango mingi ya safari huanza na njia ya kuingilia: nauli, kitanda, vivutio. Mpango wa Florida Keys uanze na njia ya kutokea. Msimu wa tufani huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba. Tufani inapotishia, Kaunti ya Monroe, inayovisimamia visiwa hivi, huwaondoa watu kwa awamu. Wageni na watu wote walio katika magari-nyumba huwa awamu ya kwanza, saa 48 hivi kabla ya pepo kali kutarajiwa. Wakazi wengine hufuata. Hapa ndipo istilahi yetu inapopata uzito: mwenye chombo hiki akikiona kuwa nyumba, atataka kufunga madirisha na kungoja, na hapo atakuwa amekosea. Tufani ya Irma ilipotua Cudjoe Key tarehe 10 Septemba 2017, iliharibu vibaya hifadhi ya Bahia Honda, ambayo ni mojawapo ya kambi zinazopendwa zaidi. Basi msafiri wa msimu huo asiache tangi la mafuta lishuke chini ya nusu, asikilize taarifa za hali ya hewa kila siku, na ajue mapema atalala wapi bara akiamriwa kuondoka. Wavuvi wetu wanaokwenda dago huzijua pepo za msimu kwanza ndipo wakafikiria kambi. Sioni kwa nini mwenye kiyoyozi asiwaige.

Tukishaiweka kando miezi hiyo, inabaki Desemba hadi Mei. Miezi ya Desemba hadi Aprili ni mikavu na ya kupendeza, na kwa sababu hiyohiyo imejaa. Wazee wengi kutoka majimbo ya baridi huhamia Florida kipindi hicho chote, mithili ya ndege wahamao. Nafasi katika kambi za hifadhi za jimbo, kama Bahia Honda iliyoko maili 37 na Curry Hammock iliyoko maili 56, hunyakuliwa mara tu zinapotolewa. Tangu Januari 2024 wakazi wa Florida huruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, na wasio wakazi miezi 10. Mwalimu anayewasili Agosti akitaka kambi ya Krismasi, nafasi hizo zilianza kugombaniwa Januari iliyotangulia, kabla hajafunga mizigo. Atalazimika kuvizia walioghairi, au kwenda kambi za binafsi ambazo huweza kudai zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja. Kwa maoni yangu mwezi wa Mei ndio bora: muhula umekwisha, umati umepungua, na Juni haijafika. Mwenyeji aliye mkazi wa jimbo aombwe kuweka nafasi kwa jina lake mwezi Juni wa mwaka uliotangulia. Kufikiria kulala bure kando ya barabara kusimjie mtu, hakuruhusiwi.

Anapoweka nafasi, asisahau kupima gari. Katika Bahia Honda kuna eneo moja la kambi linalofikiwa kwa kupita chini ya daraja lenye kimo cha mita 2 hivi. Hema na gari dogo hupita, gari-nyumba halipiti. Eneo liitwalo Buttonwood ndilo lenye nafasi za magari makubwa, pamoja na maji na umeme.

Maji na umeme navyo vina hesabu yake. Visiwa hivi havina mito, na zamani watu walitegemea mvua iliyokingwa majabiani. Leo maji ya bomba husafirishwa kutoka visima vya bara hadi Key West. Ndani ya gari-nyumba kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. La kwanza likijazwa lita 200, gari limeongezewa kilo 200. Afadhali kulijaza ukifika kambini. Mawili mengine humwagwa katika kituo maalumu tu, kwanza la choo kisha lile la maji ya kuogea, ili maji haya yausafishe mpira uliopitisha uchafu. Asiyefuata utaratibu huu hujuta mara moja. Kuhusu umeme, nafasi ya ampea 30 hutoa wati 3,600. Kiyoyozi cha paani hula kiasi cha wati 1,500, na birika la umeme kiasi hichohicho. Ongeza tanuri ya mikrowevu na swichi kuu itakatika. Sisi watu wa chai tupike kwa gesi.

Kutoka Gainesville hadi Key West ni takriban kilomita 800. Gari kubwa la aina hii huenda kilomita 3 hadi 4 kwa lita moja, kwa hiyo huhitaji kati ya lita 200 na 270 kwenda tu. Safari igawanywe siku mbili. Mkenya aliyezoea kuendesha upande wa kushoto asijifunzie upande wa kulia kwa gari la mita 9 juu ya daraja la baharini. Katika Big Pine Key mwendo upunguzwe, hasa usiku, kwani wapo paa wadogo wa aina isiyopatikana popote pengine duniani. Dawa ya mbu ichukuliwe, na ya usubi pia. Usubi wa machweo hupenya wavu.

Mjini Key West kwenyewe gari-nyumba lisiingizwe. Mitaa ya zamani ni myembamba na maegesho ni haba. Liachwe kambini, na watu wapande basi la umma linalounganisha Marathon na Key West, au gari dogo wakiwa nalo. Kutoka Bahia Honda ni kilomita 60 hivi.

Mwanafunzi wa fasihi ana mawili ya kutazama huko. La kwanza ni nyumba ya Ernest Hemingway katika mtaa wa Whitehead, mtaa uleule wenye nguzo ya maili sifuri. Mwandishi huyu alizuru Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934, akarejea Key West, na mwaka 1935 akachapisha Green Hills of Africa, kitabu chenye maneno ya Kiswahili ndani yake. Mwaka huohuo alikwenda kuona maiti za maveterani wa tufani na kuandika makala ya hasira akiuliza nani aliyewaua. Watalii wengi huenda pale kuwatazama paka wake.

La pili ni makaburi ya Waafrika katika ufuo wa Higgs. Mwaka 1860 jeshi la majini la Marekani lilizikamata meli tatu za watumwa karibu na Kuba, Wildfire, William na Bogota, na kuwaleta Key West watu 1,432, wengi wao kutoka sehemu za mto Kongo. Watu 295 walifia kisiwani wakazikwa mchangani. Waliosalia walipelekwa Liberia. Makaburi yalisahaulika hadi yalipotafutwa kwa rada na kupatikana mwaka 2002. Leo pana kumbukumbu iliyozungushiwa ua, hatua chache kutoka wanapoanika taulo waogeleaji. Itengewe saa nzima, asubuhi, kabla ya jua kali. Basi la kurudi kambini haliji mara kwa mara, kwa hiyo ratiba yake isomwe kabla ya kuondoka.