Globu moja yaweza kuozesha shehena ya nyanya

Mfanyabiashara wa mazao anapokodi lori huangalia matairi, turubai na bei. Ni wachache wanaozunguka mbele na nyuma ya gari kukagua taa, hasa pale mzigo unapoondoka mchana. Lakini taa hizo zina mchango mkubwa katika kuufikisha mzigo sokoni ukiwa salama.

Chukua mfano wa nyanya za Ilula, mkoani Iringa. Matenga yakishapakiwa, lori huteremka mlima Kitonga wenye kona kali, hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kisha huendelea hadi Dar es Salaam. Njiani kuna vumbi, mvua na magari yanayopishana kwa kasi. Likisimamishwa kwa ajili ya taa mbovu, nyanya hazisubiri. Hasara humwangukia mchuuzi kwanza, na safari inayofuata humfikia mkulima kwa njia ya bei ya chini shambani. Bei ya globu ya kawaida haifikii bei ya tenga moja.

Taa za mchana ni zipi?

Hizi ni taa za mbele zinazowaka zenyewe mara injini inapowashwa, ili gari lionekane mapema. Sweden ililazimisha magari yote kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977, na Kanada ikazitaka katika magari mapya kuanzia mwishoni mwa mwaka 1989. Umoja wa Ulaya uliziweka kuwa sharti kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, na kwa aina mpya za malori na mabasi kuanzia Agosti 2012. Ndiyo maana malori mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Ulaya huja nazo.

Faida yake nyingine ni matumizi madogo ya umeme. Globu mbili za taa za mchana za wati 21 hutumia wati 42 tu, wakati taa kubwa mbili za halojeni za lori la volti 24, kwa kawaida wati 70 kila moja, hutumia wati 140.

Hata hivyo, zina mtego mmoja. Katika magari mengi taa hizi huwaka mbele peke yake, na nyuma hubaki giza. Dereva aliye kwenye ukungu wa Njombe au mvua nzito huona mwanga mbele yake akadhani gari lote linawaka, kumbe anayemfuata haoni kitu. Ukungu, mvua au jioni vikiingia, ni lazima awashe taa kamili kwa swichi.

Kukagua kabla ya kupakia

Kazi hii ni ya dakika tano, dereva akiwa ndani na utingo nje. Injini iwashwe na utingo atazame mbele. Katika baadhi ya magari taa za mchana haziwaki mpaka breki ya mkono iachiliwe, hivyo matairi yawekewe vigingi kwanza. Kisha dereva awashe taa ndogo, taa kubwa, indiketa na breki, moja baada ya nyingine, na utingo azunguke hadi nyuma.

Ikizimika taa moja tu, mara nyingi globu imeungua au soketi yake ina kutu. Zikizimika zote mbili, anza na fyuzi. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Kufunga kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto.

Kubadilisha globu

Zima injini, toa ufunguo na uache taa ipoe. Fungua kifuniko cha nyuma ya taa na utoe soketi. Globu nyingi za wati 21 husukumwa ndani kidogo, zikazungushwa kushoto na kutoka.

Kabla ya kwenda dukani soma maandishi yaliyo kwenye kitako chake. Malori mengi hutumia volti 24 na pikapu nyingi volti 12, lakini lori dogo linaweza kuwa la aina yoyote kati ya hizo. Globu ya volti 12 ikiwekwa kwenye gari la volti 24 huungua mara moja. Ya volti 24 kwenye gari la volti 12 hutoa mwanga hafifu. Yenye wati nyingi kuliko inavyotakiwa inaweza kuyeyusha soketi.

Sugua kutu kwenye soketi kwa msasa laini. Kama globu ni ya halojeni, usiguse kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya mkono huifanya iungue mapema. Rudisha mpira wa kuzuia maji, kisha jaribu taa kabla ya kuondoka. Kwa malori yenye taa za LED hakuna globu ya kubadilisha, kwani mara nyingi hununuliwa taa nzima.

Ikiungua kila wiki

Globu inayoungua mara kwa mara inaonyesha kuna ubovu mahali pengine. Huenda taa imelegea na inatikisika, maji yanaingia, au waya wa hasi umeshika kutu kwenye chesisi. Fundi apime pia chaji kwa mita injini ikiwa inawaka. Kwa gari la volti 24, kipimo cha kati ya volti 27 na 29 ni cha kawaida. Kikizidi 30, altaneta inachaji kupita kiasi, na baada ya globu zitafuata betri.

Mwenye lori atenge kisanduku chenye globu mbili za kila aina, fyuzi, bisibisi na msasa. Naye mwenye mzigo aombe kuonyeshwa taa zote zikiwaka kabla tenga la kwanza halijapanda. Lori likiwa tupu, kasoro ni kazi ya fundi. Likishajaa, inakuwa hasara ya mwenye nyanya.