Unataka kusomea ufundi wa kufuli na kamera? Soma hii kabla hujatuma hela



Leo naongea na wewe unayeuza kufuli, vitasa na kamera za ulinzi kwenye stetasi na makundi ya WhatsApp. Najua ushaulizwa hili swali: "Kitasa nimekipenda, mna fundi wa kunifungia?" Ukisema huna, mteja anaenda kwa mwenye fundi, na kitasa ananunua huko huko.

Mimi nauza vitu hivyo hapa Mwanga, Kigoma. Nilichoka kupoteza wateja wa namna hiyo, nikaamua nisomee ufundi mwenyewe. Wazo lilikuwa zuri. Njia niliyoanza nayo ndiyo iliyoniponza.

NILIVYOINGIZWA MJINI

Niliona tangazo mtandaoni: siku tano tu unakuwa fundi wa kufuli, kamera na fensi ya umeme. Cheti cha kimataifa. Mashine ya kuchonga funguo bure. Nafasi zimebaki tatu, mwisho leo saa sita usiku.

Nikatuma laki na nusu ya usajili. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri halikuwa la chuo, lilikuwa la mtu binafsi. Nililiona, nikapuuza. Kesho yake wakadai elfu 45 ya kusafirisha mashine kutoka Dar es Salaam. Nikatuma tena. Nilicholetewa ni video saba ambazo ziko mtandaoni bure, na picha ya cheti chenye jina langu. Yaani nimepata cheti sijashika hata bisibisi! Nilipouliza mashine iko wapi, wakanifungia nisiwapate tena.

Jumla 195,000. Ilikuwa hela ya mzigo. Lakini kuna hasara kubwa zaidi ambayo ilinikosa kidogo tu, na niliijua baadaye.

MZEE WA UJIJI

Rafiki yangu akanipeleka Ujiji kwa mzee mmoja anayechonga na kufungua funguo kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo na marahaba, nilitegemea ataje bei. Yeye akaanza kuniuliza: unaishi mtaa gani? Nani anakufahamu? Akataka kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na mtu mzima wa kunidhamini. Moyoni nikasema huyu mzee ananisumbua, wale wa mtandaoni hawakuniuliza hata jina la baba.

Wiki ya tatu nikiwa pale, akaja kijana amevaa vizuri. Anasema mkewe kaondoka na funguo, anaomba fundi wa haraka akamfungulie nyumba Katubuka, na hela anayo. Mimi nilishashika begi la vifaa. Mzee akamwambia, "Sawa mwanangu, tutakuja. Mpigie kwanza mwenyekiti wa mtaa wako au jirani, aje tuwe naye mlangoni." Kijana akasema anaenda kumfuata. Hakurudi hadi leo.

Labda nyumba ilikuwa yake, labda haikuwa. Ila jiulize, mimi na kile cheti cha siku tano ningefanya nini? Ningeenda, ningefungua, ningelipwa. Na kama mali ya mtu ingeondoka usiku ule, polisi wangeanza na mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa hii kazi. Mteja akikuita anakuonyesha mlango wake, udhaifu wake na kamera zake zilipo. Anachonunua kwako ni uaminifu, mikono inafuata. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kufungua milango bila kutaka kujua wewe ni nani, anakuuzia kitu ambacho mtaani hakitakusaidia. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuangalia, kabla hata ya bei.

MAMBO YA KUKAGUA KABLA HUJALIPA

1. Meza. Nenda ukaone mahali pa kufundishia. Kama hakuna mahali pa kwenda, usiendelee. Kufuli nyingi na silinda za milango ya kisasa zinatumia pini, mfumo ambao Linus Yale wa Marekani aliusajili kama uvumbuzi wake miaka ya 1860. Ndani kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi, na ufunguo sahihi unazipanga zote usawa mmoja ndipo silinda inazunguka. Mwombe mwalimu afungue silinda mbele yako, amwage pini mezani, kisha azirudishe na ufunguo uzunguke. Kwa fundi hiyo ni kazi ya kawaida. Tapeli ataanza maneno.

2. Wanafunzi waliopita. Usitosheke na picha za watu wameshika vyeti. Omba majina mawili ya waliosoma hapo, nenda uwaone kazini. Ukikuta hakuna hata mmoja anayefanya kazi hiyo, umeshapata jibu.

3. Usajili. Hapa wengi tunachanganya. Karatasi ya BRELA inaonyesha kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa, basi. Haisemi kwamba wanaruhusiwa kuendesha chuo. Vyuo vya ufundi na ufundi stadi vinasajiliwa na NACTVET. Anayejiita chuo, mwombe namba yake ya usajili kisha uihakikishe NACTVET wenyewe, usiridhike na picha aliyokutumia. Fundi wa mtaani anayekufundisha mezani kwake ni habari nyingine. Huyo hajiiti chuo, na heshima yake ni kazi zake.

4. Malipo. Lipa kidogo kidogo kadiri unavyojifunza, na udai risiti. Jina linalotokea kwenye simu lazima lifanane na la chuo au la fundi unayemjua. Lisipofanana, bonyeza kughairi. Na kila "ada ndogo" inayozuka baada ya ya kwanza, ya usafiri, ya mtihani, ya kutoa mzigo bandarini, ichukulie kama mlango wa kutokea.

5. Haraka. Ufundi hauna "mwisho leo saa sita usiku". Chuo cha kweli kina muhula, na fundi wa kweli atakuwepo hata mwezi ujao.

KOZI YENYEWE IKUFUNDISHE NINI

Upande wa kufuli: kutambua aina za vitasa, kuchonga ufunguo kwa tupa na kwa mashine, kufungua bila kuvunja, na kubadilisha pini ili ufunguo wa zamani usifanye kazi tena. Hiyo ya mwisho ina hela. Fikiria mwenye ghala pale Kibirizi, kijana wake wa kazi ameondoka na funguo. Humuuzii silinda mpya, unabadilisha pini, unampa funguo mpya, na wiki ijayo anakuletea jirani yake.

Upande wa kamera: mahali pa kuiweka ili ione sura badala ya utosi, kurekodi umeme ukikatika, na kubadilisha nenosiri la kiwandani. Pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu inaweza kuwa taarifa binafsi. Usifunge kamera inayochungulia uani kwa jirani, wala usiposti video za mteja wako kutangaza biashara.

Upande wa fensi ya umeme usijaribu kubahatisha. Kazi ya kufunga umeme kwenye majengo inataka leseni ya EWURA. Anayekuahidi utaifanya baada ya siku tano anakuingiza matatani.

NJIA NINAYOISHAURI

Kwa hapa kwetu ufundi wa kufuli unapatikana zaidi mezani kwa fundi. Kaa naye miezi kadhaa huku biashara yako ya mtandaoni ikiendelea. Kwa misingi ya umeme au uchomeleaji, VETA ina chuo chake hapa Kigoma. Nenda mwenyewe ukaulize kozi za muda mfupi zilizopo. VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa aliyejifunzia kazini: unapimwa, ukifaulu unapewa cheti. Hapo cheti kinakuja baada ya mikono kujua kazi, sio kabla.

KAMA USHATUMA HELA

Piga simu mtandao wako wa simu muda huo huo uombe muamala usitishwe. Usifute meseji hata moja. Namba ya tapeli itume TCRA kupitia 15040, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB. Mimi nilikaa kimya kwa aibu siku nne. Siku nne hizo zilitosha yule mtu atoe hela yote, na pengine awapate wengine kwa namba ile ile.

Siku hizi mteja akiniuliza "mna fundi?" najibu ninaye. Na kabla sijagusa mlango wa mtu, nauliza yale yale ya mzee: wewe ni nani, na nani anakufahamu hapa? Wapo wanaokasirika. Wengi wanahifadhi namba yangu.

Mtumie mwenzako anayeuza vitasa, hasa yule aliyeanza kuulizia kozi.