Propela Sio Paipu ya Maji

Vuta hio tairi ukalie, nikushow kitu.

Mtaani siku hizi kila msee ako na stori ya swap ya injini. Huyu amedunga 3S, yule amedunga 1JZ, mwingine anaapa ati ya kwake iko kwa kontena Mombasa. Boneti inafunguliwa, picha inapigwa, likes zinaingia. Poa. Sasa muulize swali moja tu: propela ulitoa wapi? Utamwona akishika simu ghafla, ati anapigiwa.

Injini ni ya kununua, manze. Unashuka Grogan, pale Kirinyaga Road, unabishana bei, unalipa, mkokoteni inakubebea. Mtu yeyote mwenye ganji anaweza. Lakini kati ya mkia wa giaboksi na pua ya difu kuna nafasi kama mita moja, na chuma ya kujaza hio nafasi haiuzwi duka yoyote duniani. Haina namba ya spea. Toyota hawakuwai kuwaza kwamba msee wa Buru atatoa injini ya Altezza aizike kwa DX. Hio chuma ni yako. Uichonge ama ulale kejani.

Dinga yangu ni Toyota KE70. DX. Ile boksi ya macho ya mraba, familia yake ilitoka Japan kuanzia 1979. Ilikuja na 4K, 1290cc, injini ya kupeleka mtu kanisani na kumrudisha. Nikaitoa. Nikaweka 3S-GE ya Altezza, 1998cc, ile ya manuali ambayo Toyota waliiandikia horse 210. Nyuma yake kuna J160, giaboksi ya gia sita iliyoundwa na Aisin, familia moja na ile ya Silvia S15 na Mazda MX-5. Hio boksi imeenda shule.

Sasa kwa court yetu kuna mzae. Mzae ako na Peugeot 504. Ukifungua boneti, anatokea. Ukiwasha grinda, anatokea. Na kila siku ni wimbo mmoja: "504 haikuhitaji hivyo vitu." Nikishusha 4K: "504 ilishinda Safari Rally na injini yake yenyewe." Ni kweli, 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Asante mzae, tumeskia. Mbuyu wangu naye yuko upande wa mzae. Na wale wa Concours, yale mashindano ya magari pale Ngong Racecourse, wanasifu gari ikiwa vile ilitoka kiwandani. Original, original. Kitu original ya DX ni kupitwa na mathree ukiwa Jogoo Road. Chorea.

Turudi kwa propela.

Ya kwanza nilitengenezewa na fundi fulani, jina tuache. Alinichaji thao 4. Nikafurahi. Alichukua kichwa cha mbele cha Altezza, flenji ya nyuma ya difu, akaunganisha na paipu ya maji ya hadwea. Akachomelea mzunguko mzima bila kupumzika, akapaka rangi nyeusi, ikang'aa. Kwa picha ilikuwa moto.

Barabarani, Jumamosi asubuhi, mbogi wamejaa nyuma. 40, safi. 60, usukani unawasha vidole. 80, kioo ya kuona nyuma ikadondoka kwa mapaja ya beshte yangu. Mathree ikatupata kwa stage, makanga akatoa kichwa nje: "Buda, hio ni gari ama posho mill?" Stage nzima ikacheka. Hio jina ilifika mtaani kabla yetu. Wiki tatu, mtu akiniona anauliza kama nasiaga ya wimbi.

Iliniuma, na sitaki ikuume wewe. Cheki vile iko.

Paipu ya maji imeundwa kubeba maji. Ukuta wake haulingani, hapa mnene, pale mwembamba, na maji hayajali. Propela inajali. Na tairi zangu za inchi 14 na difu ya 4.1, nikigonga 100 propela inazunguka karibu mara 3,800 kwa dakika. Kwa hio spidi, gramu 10 za weldi zilizokaa upande mmoja wa paipu ya inchi mbili na nusu zinavuta kama uzito wa kilo 5. Gramu 10, msee. Hio ni tone la weldi. Kilo 5 inazunguka chini ya kiti yako ikitafuta mahali pa kutokea.

Hio ni moja. Ya pili ni spaida, zile msalaba za kila mwisho. Spaida ikifanya kazi ikiwa imepinda, haisukumi sawasawa. Mbele inazunguka spidi moja, nyuma inaenda mbio kidogo, inapoa, inaenda mbio, inapoa, mara mbili kila mzunguko. Dawa yake ndio spaida ya pili: inafanya kinyume, wanakatana, kila mtu analala. Lakini wanakatana tu kama masikio ya propela yanayoshika spaida, ya mbele na ya nyuma, yako kwa mstari mmoja, na kama pembe za pande zote mbili zinalingana. Yule fundi alichomelea masikio yangu yakiwa yamepishana. Kwa hio badala ya kukatana, walikuwa wanashindana.

Nani alinifundisha? Kario. Kariobangi Light Industries, hapo ndani kabisa, kuna manzi anaendesha lethi. Rika letu. Mikono nyeusi ya grisi, kucha fupi, earphone moja sikioni. Alishika propela yangu, akaifinya kwa lethi, akaizungusha na mkono. Ikayumba kama mlevi wa end month. Hakucheka. Alisema tu: "Nani alikuuzia hii?" Akaikata vipande viwili hapo hapo, ili nisishawishike kuirudisha. Saa hio nikajua nimefika kwa wenyewe.

Akanirudisha kejani kwanza. Ati nimeleta propela bila vipimo. Gari lazima ipimwe ikiwa imesimama na magurudumu yake, uzito wote chini, watu wawili wakikalia viti. Ukiipima imening'inia kwa jeki, difu imeshuka, unachukua kipimo cha gari ambayo haitawahi kutembea hivyo. Mafala wengi wanafelia hapo. Kisha pembe. Unalaza simu kwa flenji ya giaboksi, ile app ya digrii, unasoma. Unaenda kwa difu, unasoma. Yangu ilikuwa digrii 3 kwenda chini mbele, na 6 kwenda juu nyuma. Zii. Nikakata mabraketi ya difu nikayachomelea upya mpaka zikafika 3 na 3. Usiku mbili. Mzae wa 504 alisimama hapo na kikombe ya chai, akasema 504 haikuhitaji simu.

Na usidhani pembe sufuri ndio kushinda. Ndani ya spaida kuna visindano vya beringi, na lazima vijiviringishe. Propela ikinyooka kabisa, visindano vinakaa mahali pamoja, vinachimba mashimo. Kapembe kadogo ni afya.

Niliporudi Kario alinionyesha kazi. Paipu ni ya kazi ya propela, ukuta sawa kila mahali. Vichwa vinaingia kwa paipu kwa kubana, sio kwa kuomba. Masikio yakapangwa mstari mmoja. Akapiga vidoti vinne vya weldi tu, juu, chini, kushoto, kulia. Halafu akaweka ile saa ndogo ya kupima, ile mshale wake unasonga hata unywele ukipita, akazungusha taratibu. Mshale ukacheza. Akagonga na nyundo ya shaba, tap. Akazungusha. Tap. Akazungusha. Karibu dakika arobaini za tap. Mi nimeshika soda imekuwa moto mkononi, sipumui. Mshale ulipotulia chini ya nusu milimita ndio akachomelea, kipande hapa, kipande upande wa pili, ili moto usivute chuma upande mmoja. Akapima tena. Kisha ikaenda kwa mashine ya balansi, ikarudi na kabamba kadogo kamechomelewa ubavuni, kama kidonda kimefungwa plasta.

Kule mbele, kwa splaini, akaacha nafasi ya milimita 20 na kitu. Difu ikipanda kwa bampu, propela inasukumwa mbele. Bila hio nafasi, inagonga mkia wa giaboksi, na beringi za J160 hazipatikani kwa kiosk.

Thao 19, na spaida mbili mpya ndani. Mbogi wakasema ni wizi. Wasee hao hao wamevaa rim za thao 80, na ekzosti ya mdomo kama ndoo inayoamsha watoto wa wenyewe saa tisa usiku. Kelele unaweza lipia, kunyooka hutaki? Kwangu hio ndio ushamba namba moja ya mwaka huu: gari inanguruma kama simba, na ikifika 90 inatetemeka kama mbuzi wa Idi.

Difu nayo ilikuwa vita yake. Ile ya DX iliundwa kubeba 4K. Ukiipigia klachi na horse 210, meno yatamwagika kama njugu. Nikachukua ya Hilux, ya inchi 8. Ngumu kinoma, lakini pana; tairi zingetoka nje kama masikio. Kwa hio nyumba yake ikakatwa pande zote mbili, na hafu shafti zikafupishwa. Skiza vizuri hapa, juu hapa watu wanaumia. Kuna mafundi wanakata hafu shafti katikati, wanachomelea, wanasugua na grinda, unaona kitu safi. Hafu shafti imepikwa kiwandani, ngozi ngumu, moyo laini kidogo. Ukiweka weldi katikati umeua upishi wote. Itakatika, na itakatika siku umebeba watu. Njia ni moja: unakata ncha ya ndani, unachonga splaini mpya pale mwili bado ni mnene, kisha inarudi jikoni kupikwa tena. Flenji zikatobolewa stadi nne zifanane na za mbele. Hio bei iliniumiza. Miezi mbili sikununua hata kiatu, na unajua mimi na viatu.

Beshte yangu ako na pikapu ya Datsun 1200, yeye anaweka injini ya kampuni ingine kabisa, kwa hio lazima achonge sahani ya kuunganisha injini na giaboksi. Alichora matundu kwa kartoni ya unga. Kartoni ni sawa ya kuanzia. Lakini katikati ya krenki na katikati ya giaboksi lazima zikutane, na penseli haiwezi hio. Sahani ikihama hata robo milimita, klachi inakuwa nzito, beringi ya mbele inaanza kulia, na utalaumu injini bure. Nimemwambia apeleke kwa manzi wa Kario. Anasema ni mbali. Kutoka Umoja! Ni kuvuka Outering tu.

Kitu ya mwisho nilifanya ni ya bei rahisi kuliko zote. Flati baa ya milimita 6, nimeikunja nikazungusha propela karibu na spaida ya mbele, imefungwa kwa sakafu na bolti nne. Spaida ya mbele ikikatika bila hio pete, propela inashuka, inachoma lami, na gari inaruka juu kama fito ya kurukia. Pete ni chuma ya mabaki. Ukinitembelea na swap bila pete, sipandi.

Na peleka namba ya injini NTSA ibadilishwe kwa logbook. Karao wa Outering anajua 3S haikuzaliwa kwa DX.

Jumapili iliyopita tulirauka. Eastern Bypass, giza bado. 60. 80. Kioo imekaa. 100, na mbogi wote kimya, kila mtu ameweka kiganja kwa sakafu akingoja. Hakuna kitu. 3S tu ikiimba. Beshte yangu wa nyuma akaanza kupiga kelele peke yake, na hata mimi macho ilikuwa imelowa, sitadanganya.

Tukirudi, mzae alikuwa nje na kikombe. Hakusema kitu. Nikainua nyuma na jeki, nikaweka stendi. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti taratibu, akachungulia. Unajua 504 yake propela imefichwa ndani ya bomba, kutoka giaboksi mpaka difu. Miaka yote hiyo ya kuisifu na hajawai iona. Akanyoosha mkono, akaishika, akaizungusha na vidole viwili. Ikazunguka bila sauti, gurudumu nayo ikazunguka.

Akakaa hapo kitambo. Akauliza: "Hii ni ya Peugeot?"

"Zii, mzae. Hii ni ya Kario."