Rekodi za Angani Zilizopitia Malindi

Mfanyakazi wa maua anayetoka zamu ya usiku mtaani Karagita akitazama juu haoni hata mwale mmoja wa gama. Angahewa huizuia yote, na heri yetu. Ndiyo maana vyombo vya kuipima hurushwa angani, na Kenya ina sehemu yake katika historia hiyo.

Mlipuko wa kwanza wa gama kunaswa: 2 Julai 1967. Setilaiti za Vela za Marekani, zilizounasa, zilikuwa zikivizia majaribio ya mabomu ya nyuklia. Habari zilitangazwa 1973.

Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, 12 Desemba 1970. Ilikuwa Jamhuri Dei, ikaitwa Uhuru. Miaka miwili baadaye SAS-2, yenye darubini ya gama, ilirushwa kutoka mahali hapo hapo. Umeme wake uliharibika ndani ya miezi saba tu.

Bingwa wa kugeukia milipuko haraka ni setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004. Juu ya vigunduzi vyake pametandazwa vigae vya risasi zaidi ya 50,000. Miale ikipenya mianya kati yake, vigae huangusha kivuli, na umbo la kivuli hufichua mlipuko umetoka wapi. Chombo hujigeuza chenyewe, aghalabu kwa dakika moja hivi, kikaanza kupima mabaki ya mwako. Kwa kuwa huzunguka karibu na ikweta, data zake hupokewa na kituo cha Waitaliano cha Malindi.

Swift ndiyo iliyonasa mwako wa 19 Machi 2008, ambao mwanga wake ungeonekana kwa macho matupu kwa nusu dakika hivi. Ulisafiri miaka bilioni 7.5; ulipoanza safari, jua letu lilikuwa halijazaliwa. Sisi hatukuwa na bahati: Kenya ilikuwa saa tatu asubuhi, jua linawaka.

Mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kunaswa ulifika Jumapili, 9 Oktoba 2022, saa kumi na dakika 17 alasiri, saa za Kenya. Ulilemea vigunduzi vya Fermi, darubini ya gama iliyo angani, na kutikisa tabaka la juu la angahewa. Chanzo chake kilikuwa juu katika anga yetu ya mashariki, na Karagita hakuna aliyehisi kitu. Wanasayansi wanakadiria mlipuko wa namna hiyo hutufikia mara moja katika miaka 10,000.