Mtoza Ushuru Chini ya Boneti

Mwaka 2025 kampuni ya General Motors ilipeleka Corvette ZR1X kwenye Nürburgring, barabara ya mbio iliyopo kwenye milima ya Eifel nchini Ujerumani. Gari hilo lilimaliza mzunguko mmoja wa kilomita 20.8 kwa dakika 6 na sekunde 49.275. Miaka mitatu kabla yake, Porsche 911 GT3 RS ilikuwa imemaliza mzunguko huohuo kwa dakika 6 na sekunde 49.328. Tofauti yao haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini Corvette ilikuwa na nguvu farasi 1,250, zinazotoka kwenye injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye turbo mbili ikisaidiwa na mota ya umeme. Porsche ilikuwa na 525 tu, kutoka silinda sita zisizo na turbo.

Kila upande ukajiona umeshinda. Wapenzi wa magari ya Marekani wakaonyesha saa: nani ametangulia? Wapenzi wa magari ya Ulaya wakaonyesha nguvu: mmetumia zaidi ya mara mbili ya zetu ili kutupita kwa kufumba na kufumbua. Ubishi huu umedumu zaidi ya miaka 70, na mara nyingi huelezwa kwa tabia za mataifa: Mmarekani hupenda vikubwa, Mtaliano na Mjerumani hupenda ustadi. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yanawadhulumu wahandisi wa pande zote mbili. Ukifungua boneti na kuuliza kwa nini kila kitu kimekaa kilivyokaa, utamkuta mtoza ushuru, bei ya petroli na umbo la barabara, muda mrefu kabla ya kukutana na tabia ya taifa lolote.

Tuanze na hesabu inayotajwa kuliko zote katika mabishano haya, yaani nguvu farasi kwa kila lita ya injini. Nguvu ya injini ni zao la mambo mawili: nguvu ambayo krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inasokotwa nayo, na idadi ya mizunguko yake kwa dakika. Wanawake wawili wanaweza kutwanga mahindi kiasi kilekile kwa muda uleule, mmoja kwa mchi mzito anaoupiga polepole, mwingine kwa mchi mwepesi anaoupiga haraka. Injini ya lita nyingi ni mchi mzito. Kila inapowaka huchoma hewa na mafuta mengi, kwa hiyo haihitaji kuzunguka sana. Injini ndogo hufikia nguvu hiyohiyo kwa kuzunguka mara 8,000 au 9,000 kwa dakika, au kwa kushindiliwa hewa na turbo.

Kwa nini basi Wazungu wa Ulaya walichagua mchi mwepesi? Msomaji aliyewahi kuagiza gari na kukokotoa ushuru wake bandarini Dar es Salaam au Mombasa ana nusu ya jibu tayari. Swali la kwanza analoulizwa ni cc ngapi, kwa sababu ushuru wa bidhaa hupanda kadiri cc zinavyopanda. Ulaya iliishi hivyo karibu karne nzima. Nchini Uingereza, fomula iliyobuniwa mwaka 1910 ilitumika kutoza kodi ya gari kwa kuangalia kipenyo cha silinda na idadi ya silinda, bila kuhesabu umbali ambao pistoni inasafiri. Viwanda vikajibu kwa injini zenye silinda nyembamba na ndefu, na fomula ile iliendelea kuzichonga injini za Kiingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Italia nayo ilifika mahali pa kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 38 kwa magari yaliyozidi cc 2,000. Ferrari yenyewe ililazimika kutengeneza 208, ndugu mdogo wa 308, yenye V8 ya lita 2 tu na nguvu farasi 155. Ilipoonekana ni goigoi, mwaka 1982 ikafungwa turbo. Turbo ile haikutokana na njozi za mhandisi aliyekuwa akitafuta uzuri. Ilitokana na sheria ya kodi.

Marekani haikuwa na kodi ya namna hiyo, petroli ilikuwa rahisi, na sheria ya mwaka 1956 ilianzisha ujenzi wa mtandao mkubwa wa barabara kuu, pana na zilizonyooka. Hapakuwa na sababu ya kuibana injini. Ndiyo maana General Motors (GM) imeendelea kutumia pushirodi, mpangilio ambao mashabiki wa Ulaya huudhihaki kuwa ni wa kizamani. Katika mpangilio huu kamshafti ni moja, imelala ndani ya bloku katikati ya V, na husukuma valvu kwa fito nyembamba. Katika injini nyingi za Ulaya kamshafti zimepanda juu ya silinda hedi, na V8 mara nyingi huwa na nne. Kamshafti za juu zinadhibiti valvu vizuri zaidi injini inapozunguka kwa kasi kubwa, hilo halina ubishi. Lakini zinafanya vichwa vya injini viwe vipana na virefu. V8 ya GM ya lita 6.2 yenye pushirodi ni nyembamba kuliko V8 ya Ford Mustang ya lita 5.0 yenye kamshafti nne. Iliyo kubwa kwa lita ndiyo ndogo kwa umbo, tena uzito wake unakaa chini, karibu na ardhi, mahali ambapo gari la spoti linautaka.

Kwa hiyo nasema wazi: nguvu farasi kwa lita ni kipimo cha mtoza ushuru. Dereva anayeingia kwenye kona habebi lita, anabeba kilo. Kama tunataka kulinganisha injini kwa haki, tuulize ina uzito gani, inachukua nafasi kiasi gani, inakunywa mafuta kiasi gani na inagharimu nini. Kwa vipimo hivyo, V8 ya pushirodi ni moja ya kazi bora za uhandisi wa magari. Ndiyo iliyowezesha Corvette ya mwaka 2020 kuanza kuuzwa Marekani chini ya dola 60,000, wakati 911 ya kawaida ilivuka dola 95,000.

Hata hivyo, kuna eneo ambalo Waamerika walistahili kulaumiwa, na kwa muda mrefu. Kipimo chao cha gari kilikuwa mbio za robo maili, mita 402 za kunyooka kutoka kusimama. Mbio hizo hazidai breki nzuri wala usukani wenye kauli. Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa breki za diski mwaka 1953, na Corvette ikazipata mwaka 1965. Kisha kulikuwa na takwimu zenyewe. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake juu ya meza ya majaribio, bila mzigo wa vifaa vyote inavyovibeba ndani ya gari. Kuanzia 1972 kipimo kikawa cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote, na namba zikaporomoka. Sheria za moshi zikaongeza pigo. Corvette ya kawaida ya mwaka 1975 ilitoa nguvu farasi 165 kutoka lita 5.7. Shabiki wa Ulaya anayecheka namba hiyo ana haki ya kucheka, mradi akumbuke kwamba sehemu ya anguko lile ni ukweli uliochelewa kusemwa.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni kwamba gari la spoti la Marekani lilizaliwa likiitazama Ulaya. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili walirudi nyumbani wakiwa wamevipenda vigari vya spoti vya MG, na soko lao ndilo General Motors ililolitafuta ilipoionyesha Corvette mwaka 1953. Gari la kwanza lilipendeza kwa macho tu. Lilikuwa na injini ya silinda sita na giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili. Aliyeliokoa ni Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Kirusi na kusomea Ujerumani. Aliajiriwa na GM mwaka huohuo wa 1953, na mwaka 1954 na 1955 alikwenda Le Mans na kushinda katika daraja la injini ndogo akiendesha gari la Porsche. Hebu fikiria: mtu anayeitwa baba wa Corvette alikuwa dereva wa Porsche. Kwa miaka mingi aliwasihi wakubwa wake waiweke injini nyuma ya kiti cha dereva, kama wafanyavyo Waitalia. Walikataa. Alistaafu mwaka 1975 na kufariki mwaka 1996. Corvette yenye injini katikati ilizinduliwa Julai 2019.

Le Mans ya mwaka 1966, ambayo mashabiki wa Marekani huitaja kama ushindi wa taifa, nayo ina nasaba iliyochanganyika. Henry Ford II alijaribu kuinunua Ferrari mwaka 1963, Enzo Ferrari akajitoa dakika za mwisho, na Ford ikaamua kumpiga uwanjani. GT40 iliyofanya kazi hiyo ilianzia Uingereza, ikichota kutoka kwenye gari la Lola la Eric Broadley, na ikajengwa Slough. Walioshinda walikuwa Bruce McLaren na Chris Amon, wote wa New Zealand. Kilichokuwa cha Kimarekani kabisa ni injini: V8 ya lita 7 yenye pushirodi, dhidi ya V12 ya Ferrari ya lita 4. Huko Dearborn, Marekani, Ford iliifunga injini kwenye mashine iliyoiga mizunguko ya Le Mans, na kubadilisha gia na kila kitu, kwa saa nyingi mfululizo mpaka ikawa na uhakika kwamba haitakufa. Lakini mchi mzito una gharama yake. Magari yale yalikuwa mazito kiasi kwamba breki zake zisingedumu saa 24, na timu ikabuni mfumo wa kubadilisha diski haraka gari linaposimama kuhudumiwa. Ford ilichukua nafasi tatu za kwanza. Baada ya ushindi mwingine wa lita 7 mwaka 1967, sheria za mbio zikaweka kikomo cha ukubwa wa injini. Mtoza ushuru alikuwa amebadilisha sare tu.

Porsche nao wana kosa lao kubwa ambalo waligeuka kulipenda. Injini ya 911 inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mhandisi anayeanza leo asingethubutu kuiweka, kwa sababu gari likianza kuserereka mkia mzito hutaka kutangulia. Wameshughulika na tatizo hilo tangu mwaka 1963. Faida yake ni kwamba uzito wote ule hukandamiza magurudumu yanayosukuma gari, na kwenye tope hilo ni jambo kubwa. Wapenzi wa mbio wa Afrika Mashariki waliliona kwa macho yao katika Safari Rally, pale Björn Waldegård alipoifikisha 911 nafasi ya pili mwaka 1974 nyuma ya Joginder Singh, na Vic Preston Junior alipoifikisha nafasi hiyohiyo mwaka 1978.

Pengine kinachowagawa watu kweli ni sauti, na hata hiyo ina maelezo. Katika V8 ya kawaida ya Marekani, mikono minne ya krankishafti imepangwa kwa nyuzi 90, kama msalaba. Mpangilio huo huituliza injini, lakini milipuko ya kila upande wa V haifuatani kwa nafasi sawa. Moshi hutoka kwa kugongana kwenye ekzosi, na ndiyo ngurumo ile nzito yenye kusitasita. Ferrari hupanga mikono hiyo kwa nyuzi 180, bapa. Upande wa kushoto na wa kulia hupokezana bila kukosa, krankishafti inakuwa nyepesi, mizunguko inapanda haraka na sauti inakuwa kali, ya juu. Injini hutetemeka zaidi, lakini ni nani anayelalamika?

Na hapo ndipo mipaka imefutika. Corvette Z06 ya mwaka 2023 ina krankishafti bapa, kamshafti nne, lita 5.5, na huzunguka hadi 8,600: injini ya Kiitaliano kwa kila maelezo, iliyochorwa Michigan. Ferrari kwa upande wake ilirudi kwenye turbo mwaka 2014 na California T, na Porsche wameifunga 911 GTS mfumo wa umeme mwaka 2024. Kinachosukuma Ulaya sasa ni kodi ya kaboni. Ufaransa iliweka kikomo cha tozo ya gari linalotoa moshi mwingi kuwa euro 60,000 kwa mwaka 2024 na 70,000 kwa 2025, na Corvette yenye V8 pekee inaangukia huko juu kabisa. Shabiki wa Lyon na shabiki wa Detroit wanapobishana juu ya thamani ya gari moja, hawazungumzii hata bei moja.

Hatua ambayo mimi naiona kubwa zaidi haionekani kwenye saa ya Nürburgring. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Corvette ya sasa inatoka kiwandani Bowling Green, Kentucky, ikiwa pia na usukani upande wa kulia, na inauzwa Uingereza, Japani na Australia. Kwa miaka 66 GM haikuona haja ya kufanya hivyo. Injini ilipohamia nyuma ya dereva, nafasi ya mbele ikawa wazi, na nguzo ya usukani ikaweza kupita upande wowote. Kwa hiyo Mwingereza anayetaka kujua nani ana haki anaweza sasa kuyaendesha magari yote mawili, Corvette na Porsche, kwenye barabara yake mwenyewe, akiwa amekaa upande uleule.